Marejeo ni Ngamani: Historia ya Waya wa Tatu

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia tumeizoea katika tungo za mapenzi na za siasa, na aghalabu huitumia kumkumbusha mtu asili yake. Katika makala haya naomba ruhusa ya wasomaji niipeleke mahali ambapo haijazoeleka, yaani ndani ya kuta za nyumba zetu, kwenye waya wa rangi ya kijani na njano ambao mafundi huuita "ethi". Nakusudia kusimulia historia ya waya huo pamoja na historia ya jina lake. Mambo mawili hayo yamefungamana, na asiyelielewa jina huupuuza waya.

Nyaya za umeme wa nyumbani ni tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, ambao ndio huleta umeme. Wa pili ni nyutro, ambao umeme huutumia kurudi ulikotoka. Wa tatu ni ethi. Mwenye nyumba anapopandisha uwezo wa umeme wake, tuseme anahama kutoka njia moja hadi njia tatu ili atie kiyoyozi na jiko la umeme, huletewa na fundi orodha ya vifaa na bei zake. Akitafuta pa kupunguza, waya wa moto haugusi, wala nyutro haigusi, kwa kuwa bila hizo taa haiwaki. Jicho lake hutua kwenye ethi na fimbo yake ya shaba. Taa huwaka bila ethi, na pasi hupata moto bila ethi. Basi huuliza, "Fundi, hii ni ya nini?" Jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba ethi huupeleka umeme mbaya ardhini ukafie huko. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini picha yake ni ya kupotosha, na kosa lake limeanzia mbali, katika karne ya 18.

Tuanze na neno "umeme" lenyewe. Kabla ya taa na mitambo, umeme kwa Waswahili ulikuwa ule mmuliko wa ghafla unaopasua mawingu, ndugu wa ngurumo na radi. Neno hili liko karibu na vitenzi vya kumemeta na kumemetuka. Kitu kipya kilipokuja, lugha yetu haikukiazimia jina la kigeni, bali ilikitazama, ikakumbuka mawingu, ikakiita umeme. Wenzetu wa Kenya wakakiita pia "stima", jina lililokuwa la meli na mitambo ya mvuke. Wazungu, kwa upande wao, walichukua jina la kaharabu kwa Kigiriki, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi, na Waarabu nao wakaunda jina lao kutokana na kaharabu hiyohiyo. Hivyo lugha hizo ziliupa umeme jina la utomvu uliokauka. Kiswahili kiliupa jina la mbingu, na ndicho kilichopatia, kwa kuwa umeme wa waya na umeme wa wingu ni kitu kimoja.

Hilo la umoja wa umeme lilithibitishwa mwaka 1752. Benjamin Franklin, mpiga chapa na mwanasayansi wa Philadelphia, alikuwa amependekeza kwamba fimbo ya chuma yenye ncha, ikisimamishwa juu ya jengo na kuunganishwa kwa waya hadi kwenye udongo wenye unyevu, itailinda nyumba na radi. Mwaka huo majaribio yalifanywa Ufaransa, kisha yeye mwenyewe akafanya lile jaribio lake mashuhuri la tiara. Mwaka uliofuata, 1753, katika mji wa St. Petersburg, mtaalamu Georg Wilhelm Richmann alisimamisha fimbo juu ya nyumba yake ili apime umeme wa tufani. Fimbo yake iliingia ndani hadi kwenye chombo cha kupimia, lakini haikuunganishwa na ardhi. Dhoruba ilipowadia, alisogea karibu kutazama kipimo, na umeme ukamrukia kichwani. Alifariki papo hapo. Umeme ulikuwa umepewa njia ya kuingia bila ya njia ya kutoka, na mwili wa Richmann ukawa njia.

Kutokana na fimbo ya Franklin, dunia ilijifunza kwamba ardhi ndiyo kikomo cha umeme. Kwa radi, fikra hiyo ni sawa. Radi hutokana na tofauti baina ya wingu na ardhi, na ikishuka imefika kwao. Upotofu ulizaliwa pale fikra hiyo ilipohamishiwa, bila kuchujwa, kwenye umeme wa mitambo, ambao kwao si ardhini.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya simu za maandishi. Mwanzoni kila laini ya telegrafu ilihitaji nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Mwaka 1838, mjini Munich, Carl August von Steinheil aligundua kwamba waya wa kurudi waweza kuondolewa. Ukifukia bamba la shaba huku na bamba lingine kule, ardhi yenyewe hubeba marejeo. Ugunduzi huo uliokoa nusu ya nyaya za telegrafu. Ulifika hata kwetu, kwani mwaka 1879 kebo ya baharini iliunganisha Aden, Unguja na kusini mwa Afrika, na katika kebo za namna hiyo ujumbe ulikwenda kwa waya wa shaba, nayo bahari na ardhi zikakamilisha mzunguko. Hapo ndipo jina lilipoganda. Mafundi wa telegrafu wa Uingereza waliyaita marejeo hayo "earth", wale wa Marekani wakayaita "ground", Wafaransa wakasema "terre", na Wajerumani wakasema "Erde". Yote ni majina ya udongo tu. Na kwa telegrafu majina hayo yalisema kweli, kwa sababu udongo ndio uliofanya kazi.

Kisha ukaja umeme wa taa. Huku kwetu historia yake huanzia Unguja. Inasimuliwa katika historia ya shirika la umeme la Kenya kuwa mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said alijipatia mtambo wa kuangazia kasri yake na mitaa ya jirani, na kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliununua mtambo huo akauvusha hadi Mombasa. Mwaka huohuo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wao.

Kanuni za kuulinda umeme huo ziliandikwa kwingine. Mwaka 1882, mjini London, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni za kwanza za kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Ukurasa wa kwanza wa historia hii, basi, uliogopa nyumba kuungua kuliko mtu kufa. Kanuni za Marekani zilizounganisha nchi nzima zilitoka mwaka 1897, nazo pia zilisukumwa na makampuni ya bima ya moto.

Katika miaka hiyo, swali la iwapo umeme wa nyumbani uunganishwe na ardhi au uachwe ukielea lilizua mabishano makali huko Marekani. Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba mfumo usiogusa ardhi popote ni salama, kwa kuwa mtu akigusa waya mmoja hakuna mzunguko unaokamilika. Lakini kilichowashinda ni transfoma. Ndani ya transfoma mna misuko miwili ya waya, mmoja wa umeme mkali wa volti maelfu utokao barabarani, na mwingine wa umeme mdogo uendao nyumbani. Misuko hiyo haigusani. Kihami kikiharibika, kwa radi au kwa uchakavu, umeme wa barabarani huingia katika nyaya za chumba cha kulala. Mfumo uliokuwa ukielea ukageuka mtego. Mwenye kugusa swichi ya taa aligusa volti 2,000. Waliotetea muungano wa ardhi walisema kwamba waya mmoja wa upande wa nyumba ukifungwa kwenye udongo, hatari hiyo itapata njia ya kupita na fyuzi ya barabarani itakatika. Mwaka 1913 kanuni za Marekani zililifanya jambo hilo kuwa lazima kwa mifumo ya nyumbani. Waya uliofungwa ardhini ndio ambao sasa twauita nyutro.

Ndugu msomaji, tafadhali zingatia kwamba hadi hapa waya wa tatu bado haujazaliwa. Kilichounganishwa na ardhi ni mfumo. Pasi, feni na jokofu bado havijaunganishwa na chochote. Ikiwa waya wa moto ndani ya pasi unachubuka na kugusa bati lake, pasi huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna jambo, huku bati zima limejaa umeme na linamngoja mwenye kulishika.

Waya wa tatu uliletwa na ajali hizo ndogo za jikoni. Mwaka 1928 Philip Labre wa Milwaukee alipata hataza ya plagi yenye mguu wa tatu. Husimuliwa kwamba aliibuni kwa sababu mama mwenye nyumba aliyopanga alikuwa na paka, na kila paka alipoiangusha feni, mama huyo alipigwa na umeme alipokwenda kuiinua. Marekani ilikawia. Ni mwaka 1962 tu ndipo kanuni zake zilipodai kwamba soketi za kawaida za nyumba mpya ziwe na tundu la tatu.

Uingereza ilikuwa na sababu ya haraka zaidi, kwani vita vilikuwa vimebomoa nyumba zake na zilipaswa kujengwa upya. Mwaka 1942 iliundwa kamati ya wataalamu kupanga umeme wa nyumba za baada ya vita. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja pekee, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa akiongoza chama cha wanawake na umeme kilichoanzishwa mwaka 1924. Kazi ya kamati hiyo ilizaa plagi iliyotangazwa mwaka 1947, ile tuijuayo Tanzania, Kenya na Uganda, yenye miguu mitatu ya mstatili na fyuzi ndani yake. Itazameni plagi hiyo kwa makini. Mguu wa juu, ambao ni wa ethi, ni mrefu kuliko ile miwili. Kwa urefu huo hutangulia kuingia, hata chombo kikawa kimekwisha kuunganishwa na kinga yake kabla ya kupata umeme, na kinapochomolewa huwa wa mwisho kuaga. Tena mguu huo husukuma vilango vidogo vilivyofunika matundu mawili ya chini. Bila ethi, vilango havifunguki, na mtoto hawezi kupenyeza msumari.

Kwetu sisi, mwenye chaja ya miguu miwili huchukua kalamu akaichomeka katika tundu la juu ili vilango vifunguke. Tumeyaona hayo madukani na majumbani, na hata katika nyumba za walimu. Mlango uliofungwa kwa ajili ya watoto hufunguliwa kwa kalamu ya shuleni. Simlaumu mtu. Hakuna aliyemweleza kwamba tundu lile lina kazi. Kwake yeye ni tundu la ethi, na "ethi" kwa masikio ya Mswahili haisemi neno. Halina udongo ndani yake, wala kinga, wala marejeo. Ni sauti iliyobaki baada ya maana kuachwa bandarini.

Sasa tufike kwenye kiini. Je, lau fundi angetafsiri neno hilo kwa uaminifu akasema "waya wa ardhi", upotofu ungekwisha? La hasha. Ungezidi. Na hesabu ndogo yatosha kuonyesha.

Chukua nyumba ya volti 230 ambayo imefukiwa fimbo ya shaba nje ya ukuta, na waya wa tatu umefungwa kwenye fimbo hiyo tu. Udongo hupitisha umeme kwa shida, na ukinzani wa fimbo moja kufikia omu 25 si jambo geni. Katika mchanga mkavu au juu ya mawe ya matumbawe hupanda zaidi, hasa wakati wa kiangazi. Jokofu likipata hitilafu, bati lake likaguswa na waya wa moto, umeme utakaopita kwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 25, yaani ampea 9 na kidogo. Breka ya saketi hiyo ni ya ampea 20 au 32. Kwake yeye ampea 9 ni mzigo wa kawaida, na haitakatika. Umeme utaendelea kuvuja udongoni mchana na usiku, mita itasoma, na bati la jokofu litabaki na volti za kumuua mtu. Fimbo ipo, waya upo, na kinga haipo.

Sababu ni kwamba umeme huo haukuzaliwa ardhini na hautafuti ardhi. Ulizaliwa katika transfoma, na hutafuta kurudi kwenye transfoma. Ardhi kwake ni njia mojawapo tu, tena njia mbovu. Marejeo yake ni ngamani, na ngama yake iko juu ya nguzo. Ili breka ikatike kwa haraka, waya wa tatu lazima uupe umeme uliopotea njia ya madini hadi huko ulikotoka. Hilo hufanywa, katika mifumo mingi, kwa kuuunganisha waya wa tatu na nyutro pale umeme unapoingia nyumbani. Njia ya namna hiyo ikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, umeme wa hitilafu hufikia ampea 460, na breka hujikata kabla mwenye nyumba hajajua kuna jambo. Fimbo iliyo udongoni ina kazi zake nyingine. Huituliza nyumba wakati wa radi, na huzuia volti za mfumo zisipande hovyo juu ya ardhi tunayoikanyaga. Lakini mwokozi wa aliyeshika jokofu ni muungano ule wa madini.

Mafundi wa Marekani walilijua hili kwa mapito ya taabu, na historia yao ya kuboresha umeme wa nyumba kuukuu ina mafunzo. Nyumba nyingi za zamani huko zilipokea umeme wa ampea 60 tu. Vyombo vilipoongezeka, wenyewe walipandisha hadi 100, kisha 200. Kwa miongo mingi nyumba hizo zilitegemea bomba la maji la chuma kuwa ndilo ethi, na lilifanya kazi vizuri kuliko fimbo, kwa sababu mabomba ya mtaa mzima yaliunganika chini ya ardhi. Kisha yakaja mabomba ya plastiki. Mamlaka ya maji ilibadilisha kipande kimoja barabarani, na nyumba ikapoteza ethi yake bila fundi wa umeme kuitwa wala taa kuzimika. Tangu toleo la mwaka 1978, kanuni zao zikasisitiza kwamba bomba la maji lisiachwe peke yake, bali lisaidiwe na kitu kingine.

Ndiyo maana Mmarekani anapobadilisha sanduku kuu la umeme leo, ethi ya zamani hairithiwi kwa kuaminiana. Vyote vilivyopo hukusanywa na kufungwa pamoja: bomba la chuma, nondo za msingi, na fimbo zisizopungua urefu wa mita 2.4. Fimbo moja isipothibitika kuwa chini ya omu 25, huongezwa ya pili, nazo hutenganishwa kwa mita 1.8 au zaidi. Mabomba ya chuma ya maji na ya gesi yaliyomo ndani huunganishwa ili yasije yakapata umeme peke yake. Kisha nyutro na waya wa tatu huunganishwa mahali pamoja tu, kwenye sanduku kuu. Zikiunganishwa tena kwenye sanduku dogo la ndani, marejeo ya kila siku hugawanyika, nusu hupita kwenye nyutro na nusu kwenye waya wa kinga, hata mabati ya vyombo yakawa barabara ya umeme.

Kuhusu nondo za msingi, liko fundisho linalofaa sana kwa wajenzi wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika jimbo kame la Arizona, jeshi la Marekani lilihitaji kuyalinda maghala ya risasi na mabomu dhidi ya radi. Hapakuwa na mtandao wa mabomba ya maji, na udongo ulikuwa mkavu. Mhandisi Herbert Ufer alizitumia nondo zilizomo ndani ya zege la msingi. Zege hunyonya unyevu na kuutunza, na msingi hugusana na udongo kwa eneo kubwa kuliko fimbo yoyote. Vipimo vya miaka iliyofuata vilimpa haki. Anayejenga leo anaweza kuutoa mwisho mmoja wa nondo kabla ya kumwaga zege, kwa gharama ndogo. Akishamwaga, fursa hiyo imekwisha.

Historia hiyohiyo inaonyesha pia jinsi ubahili wa waya unavyozeeka na kuwa desturi. Wakati wa vita shaba ilipoadimika, Marekani iliruhusu mabati ya majiko ya umeme yafungwe kwenye nyutro, ili waya wa nne uokolewe. Ruhusa ilikuwa ya dharura. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini ruhusa iliendelea kwa nyumba mpya hadi mwaka 1996. Nyutro ya jiko la namna hiyo ikikatika, bati lote hupata umeme, na hakuna breka inayoona kosa. Kilichoanza kwa dhiki kilidumu kwa mazoea zaidi ya miaka 50.

Je, pale ambapo hakuna njia ya madini ya kurudi, ambapo nyumba ina fimbo yake tu? Jibu lilipatikana kwa kuhesabu badala ya kutegemea udongo. Katika miaka ya 1950, huko Afrika Kusini, Henri Rubin alibuni kifaa cha kulinda wachimbaji katika migodi ya dhahabu, na mwaka 1961 Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa ametafiti kwa miaka kiasi cha umeme kinachoua, alibuni cha kwake kwa ajili ya nyumba. Kifaa cha aina hii hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Vikilingana, hukaa kimya. Vikitofautiana, hujua kwamba sehemu imepita pasipo njia, labda katika mwili wa mtu, nacho hukata. Vile vitumikavyo katika nchi zinazofuata desturi za Ulaya hukata upungufu ukifika sehemu 30 kwa elfu za ampea. Umeme ule wa ampea 9 ulioipita breka bila kushtukiwa hauwezi kukipita kifaa hiki. Mwenye kutegemea fimbo pekee, hiki kwake si anasa, ndicho kinga yenyewe.

Baada ya safari hii yote, nawarudia wapenzi wa lugha. Jina la udongo lilizaliwa na telegrafu, ambako lilisema kweli. Likahamia nyumbani, ambako husema nusu ya kweli. Wenye lugha zao wamelitambua. Wajerumani katika maandishi ya kitaalamu huuita waya huu kwa neno lenye maana ya kipitishi cha kulinda, na Waingereza katika kanuni zao hufanya hivyohivyo, wakaliacha jina la ardhi kwa ile sehemu iendayo udongoni kwa hakika. Sisi tulioazima "ethi" bila kuitafsiri tumepata bahati isiyokusudiwa. Hatujajifunga kwenye udongo. Twaweza kuchagua.

Pendekezo langu ni jepesi. Waya wa kijani na njano tuuite "waya wa kinga", na ile fimbo tuiite "fimbo ya ardhi". Vitu viwili, majina mawili. Mwenye nyumba akisoma katika orodha ya fundi "waya wa kinga, mita 100", atasita kuufuta, kwa maana hakuna mzazi anayefuta kinga kwa kalamu. Najua wataalamu wa maneno watanikumbusha kwamba "kinga" ni pia kijinga cha moto, kama isemavyo methali kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nami najibu kwamba utata huo haudhuru. Neno linalobeba moto na hifadhi kwa pamoja lafaa kuitwa kwa waya ambao ukiwapo huhifadhi, na ukikosekana huunguza.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa washairi, naweka ubeti mmoja wa tarbia, mafundi wapate cha kumwambia mwenye nyumba anapouliza waya huu ni wa nini:

Umeme hauzikiki, mchangani ukalala,
Kurejea hauchoki, wala hauna muhula,
Ukinyimwa njia haki, roho ya mja huila,
Waya wa tatu ubaki, nyumba isione bala.

Wenye kujua istilahi zinazotumiwa na mafundi wa Lamu, Kigoma, Bukavu au Maskati kwa waya huu, naomba wazilete tuzipime. Na anayejiandaa kupandisha umeme wa nyumba yake mwaka huu, kabla hajasaini orodha, amuulize fundi wake maswali mawili: umeme ukipotea katika nyumba yangu utarudi kwa njia ipi, na umepima kwa kifaa gani?